Kikapu Hakirudi Kitupu

14 Septemba, Jumapili

Naanza kuandika leo kwa sababu mtu kama mimi akifa bila kuandika, nchi tatu zitabaki hazina historia: Burundi, Tanzania na hii Uganda. Mimi, Rénovat, nimeendesha malori ya tani thelathini kutoka Bujumbura mpaka Dar. Niliwahi kuteremka mlima wa Bugarama breki zimekatika, nikalisimamisha lori kwa kukanyaga lami kwa kisigino changu mwenyewe, na mpaka leo watu wa pale wanawaonyesha wageni mfereji uliochimbwa na kisigino hicho. Shule niliacha darasa la sita, mwalimu alipoishiwa na ya kunifundisha.

Hapa Kabazana, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mtu akitaka barua yenye uzito anakuja kwangu. Barua za kuomba, za kulalamika, za kuposa. Pia naandika kitabu cha maisha yangu. Nimefika ukurasa wa kwanza, na ni ukurasa mzuri sana.

Basi leo baada ya misa jumuiya yetu ndogo ilikaa. Mama Sidonie, mkuu wa jumuiya, alisema Herménégilde amelazwa Mbarara kwa kidonda cha mguu kisichokubali kupona. Kila Alhamisi tutamtumia kikapu cha chakula kwa lori la Bienfait linalobeba matoke, zile ndizi za kupika, na ndani ya kikapu iwemo barua ya pole. Barua itasomwa kwanza mbele ya jumuiya siku ya Jumatano, ili pole iwe ya wote. Nani ataandika? Macho yote yalinigeukia, kama kawaida.

Herménégilde ni rafiki yangu wa kwanza na wa mwisho. Tulikimbia Burundi pamoja mwaka 2015. Hapa watu wanamwita Ndoo. Jina hilo alilipata ndani ya lori lililotuleta kutoka mpakani. Gizani mtu alitapika, akawatapikia mama na watoto na magodoro ya watu, na kulipopambazuka watu walipouliza kwa hasira, Herménégilde alisimama akasema ni yeye, asamehewe, tumbo lake ni dogo. Mtu mmoja akasema huyu asafiri na ndoo. Basi, ikawa Ndoo. Mimi mwenyewe huwasimulia watu habari hiyo tukiwa kwenye pombe ya ndizi, na hakuna anayeisimulia vizuri kuliko mimi. Ndoo naye hucheka.

16 Septemba

Mvua ya kwanza. Nimepanda maharagwe.

17 Septemba

Nimesoma barua yangu mbele ya jumuiya. Ilianza hivi: "Kwako mpendwa rafiki, mimi niliyeugua malaria kali mara ishirini na kupona bila kidonge, ninakuandikia wewe uliyeshindwa na kidonda." Nikaendelea na ile malaria ya Kigoma, daktari alipokimbia akisema joto langu limevunja kipimo. Karatasi mbili. Nilidhani watalia.

Mama Sidonie aliuliza mgonjwa ni nani katika barua hiyo. Watu wakacheka. Akasema kikapu kiende bila barua, na mwandishi ajaribu tena.

Wivu upo hata katika jumuiya za sala.

19 Septemba

Kikapu kimerudi. Ni igiseke cha kwetu, kile chenye kifuniko kilichochongoka, alichosuka marehemu mama yake Jocelyne. Jocelyne ni mtoto wa dada yangu, ananiita marume, ndivyo kwetu tunavyomwita mjomba. Anauza samaki soko la Base Camp na mimi naishi katika boma lake kama mlinzi na mshauri.

Kwetu chombo cha zawadi hakirudi kitupu. Hata majani ya chai, hata chumvi, lakini kitu kiwemo. Nilifungua nikakuta sukari. Mfuko mzima, haujafunguliwa.

Nimekaa nikaifikiria hiyo sukari. Mgonjwa gani wa kugawa sukari? Sisi huku posho imepunguzwa mpaka tunakunywa uji usio na sukari, na yeye aliyelala hoi kitandani anatuma sukari? Nimeitia kwenye chai. Ni tamu. Lakini kuna kitu.

23 Septemba

Mvua.

26 Septemba

Leo kikapu kimerudi na mche wa sabuni. Mpya.

Nimeelewa. Nashangaa nimechelewa kuelewa, mimi niliyewahi kumgundua mwizi wa saruji kwa kumsikiliza anavyopiga chafya. Hapa kambini kila mtu anajua: mtu mwenye ugonjwa mzito, jina lake linaweza kupelekwa juu ili ahamishiwe ng'ambo, na akibahatika anapanda ndege. Kanada. Norvege. Ndoo hana kidonda. Au anacho na anakilea, anakibembeleza kama mtoto, mpaka wazungu wakione. Na huko Mbarara wameshaanza kumnenepesha kwa sukari na sabuni. Na mimi rafiki yake hakuniambia neno.

Nilimweleza Jocelyne. Yeye alikuwa anapara samaki, hakuinua kichwa. Alisema kama nina mashaka, Bienfait anaondoka kila Alhamisi, nipande lori nikaone kwa macho yangu.

Nilimjibu kwamba dereva wa daraja langu hapandi juu ya matoke ya mtu mwingine. Pia maharagwe yanaanza kutokeza na mbuzi wa majirani hawana adabu.

3 Oktoba

Kikapu kimerudi na ndimu.

Ndimu. Chache, za kijani, zimefungwa ndani ya kitambaa kama vile ni dhahabu. Hakuna sukari tena, hakuna sabuni. Nilimuuliza Bienfait kama amekula vilivyokuwemo akaweka ndimu. Bienfait ni Mkongo wa Uvira, anapenda kucheka, na mimi ananiita Tonton, yaani mjomba.

"Mimi nile sabuni, Tonton? Ndimu ni yeye mwenyewe alituma mutu ku soko. Akasema hizi ni za Rénovat, hapana za jumuiya. Alisema hivyo mara mingi."

Za Rénovat. Basi ni ujumbe. Ndimu ni chungu. Ananiambia mimi ni mchungu. Au ananiambia nioshe mdomo, kwa sababu amesikia ninayosema juu ya Kanada. Nani amempelekea maneno? Jocelyne hajaenda Mbarara. Bienfait anakwenda kila wiki.

Nitaacha kusema mbele ya Bienfait.

5 Oktoba

Leo nimemwona Gervais ndani ya shamba la Ndoo. Gervais ni jirani yetu, Mkongo mtu mzima, mkimya, wa aina ile ambayo huwezi kujua anafikiri nini. Alikuwa ameinama karibu na mpaka. Nilipokohoa hakushtuka, na hilo ndilo lililonitia shaka, kwa maana mtu mwema hushtuka.

Nilimuuliza anatafuta nini katika shamba la mtu ambaye hayupo.

"Napalilia tu, Tonton. Mutu akigonjwa, shamba yake isigonjwe."

Maneno mazuri sana. Nimetumia uzoefu wangu kuupima mpaka kwa macho. Ule mstari wa miti ya minyaa umesogea. Sina ushahidi, lakini umesogea.

8 Oktoba

Jumuiya imeuliza barua iko wapi. Nikasema barua nzuri ni kama mimba, haiharakishwi. Mama Sidonie akasema yeye amezaa saba, na kila mmoja alitoka.

10 Oktoba

Ndimu tena. Jocelyne amewakamulia samaki.

13 Oktoba

Mvua ya mawe. Maharagwe ya kwangu yamelala chini, ya Ndoo yamesimama. Gervais huyo ana dawa gani?

17 Oktoba

Ndimu, na neno.

Bienfait alishuka kwenye lori bila kucheka. Akanivuta pembeni, penye magunia. Nitaandika alivyosema.

"Tonton, ule mutu anagonjwa kabisa. Badokta banasema vidole ya mguu bikatwe mbio, maana iko naoza. Yeye anakataa. Anasema mupaka ufike."

"Mimi?"

"Wewe. Anasema iko neno ya wewe na yeye, hawezi kumupa mutu ingine. Panda Alhamisi. Nitakuweka mbele, karibu yangu."

Nilimwambia nitaona. Nimekaa mpaka giza nikilifikiria neno hilo. Neno gani linalokataa kuletwa na Bienfait, ambaye analeta sukari, sabuni na ndimu? Kama ni Kanada, wanataka shahidi wa kuapa kwamba mguu huu umeoza kwa miaka kumi. Watanisainisha. Halafu yeye atapanda ndege na mimi nitabaki hapa na saini yangu ikinitafuta.

Na Bienfait, kwa nini anataka nikae mbele?

22 Oktoba

Nimesoma barua ya pili kwa jumuiya. Nilisoma mstari mmoja tu: "Rafiki yangu, pole kwa ugonjwa wako, kama upo."

Hakuna aliyecheka. Mama Sidonie alisimama, akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaikunja vizuri akaiweka chini ya chungu cha chai, motoni. Akasema: "Rénovat, wewe unaandikia watu wote barua za kuomba. Huna hata moja ya kutoa."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

24 Oktoba

Ndimu.

29 Oktoba

Barabara ya kwenda Isingiro imekatika kwa maji, wanasema. Nilimwambia Jocelyne unaona, hata ningetaka. Jioni Bienfait akapita akipiga honi.

31 Oktoba

Sasa si vidole tena. Bienfait anasema ni wayo wote. Uozo unapanda kama maji ukutani, na Ndoo bado anakataa mpaka nifike. Adélaïde, mke wake, anashinda amekaa kwenye ngazi za wodi. Amemtuma Bienfait aniulize amenikosea nini mume wake.

Nilimwambia Bienfait ukweli kama mtu wa kazi kwa mtu wa kazi: lori lake nimelisikiliza, breki za nyuma zinalia vibaya, mimi najua breki kwa sauti. Siwezi kumpa baraka kupakia hata kuku.

Bienfait aliligonga gurudumu la nyuma kwa kiatu. Akasema breki alibadilisha mwezi uliopita.

Ndimu zipo hapa mezani. Sijazigusa. Jocelyne ameziangalia, akaniangalia mimi, akaenda kulala bila kuniaga.

3 Novemba

Nimeota ninaendesha lori na nyuma kuna watu wananiita jina ambalo si langu.

5 Novemba

Barua imeshindikana. Nimeandika "Ndugu yangu" nikakaa. Mvua imenyesha, imeisha, imeanza tena, na pale bado ni "Ndugu yangu". Mimi niliyemwandikia mzee mmoja wa Rugaaga barua ya kumposa mwanamke ambaye hajawahi kumwona, na mwanamke akalia, akaja na mizigo.

7 Novemba, Ijumaa

Kikapu kimerudi kitupu.

Nilidhani macho yangu yananidanganya. Niliingiza mkono mpaka chini. Nikakipindua, nikakipiga kwa nyuma kama anavyopigwa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Hakuna kitu. Hata jani.

Bienfait alikuwa amesimama na kofia mkononi. Alisema hakumkuta mtu wa kusema naye. Joto limempanda Herménégilde, anazungumza na watu waliokufa. Adélaïde alichukua chakula, akafunga kifuniko, akamrudishia, na hakukumbuka. Adélaïde, mwanamke ambaye hata siku ya mazishi ya mama yake alirudisha sahani za watu na viazi ndani.

Miezi hii yote nilishuku kila kilichotoka ndani ya kikapu hiki. Sukari nilishuku, sabuni nilishuku, ndimu ndizo zilizoniumiza kichwa kuliko vyote. Sasa nimekikumbatia hapa, chepesi, na sina cha kushuku.

Bienfait anapakia tena kesho alfajiri kwa sababu ndizi zimekuwa nyingi. Nimemwambia anipitie.

11 Novemba, Mbarara

Naandika hapa nje ya wodi, kwenye nyasi, ambapo ndugu wa wagonjwa wanapika na kuanika nguo. Sijapata nafasi tangu Jumamosi.

Kuhusu safari nitasema machache. Bienfait aliniweka mbele kama alivyoahidi. Kabla hatujafika Isingiro nilimwomba nikae nyuma juu ya matoke, nikamwambia nataka kukagua jinsi mzigo ulivyofungwa. Barabara ni mbaya. Hewa ya siku hizi nayo si kama ya zamani. Mpaka Kakiika, mlangoni mwa Mbarara, shati langu lilikuwa limechafuka kwa sababu ya barabara, na suruali vilevile.

Kwenye geti askari alinizuia kwa fimbo yake.

"Mzee, wewe nakwenda wapi?"

"Kumwona mgonjwa."

Alinipima kuanzia juu mpaka chini. "Wewe iko mgonjwa ama nakuja ona mgonjwa? Nguo yako nanuka, sebo. Hapana dhambi. Kama iko mgonjwa, pita mlango ile."

Sebo kwao ni bwana; nilimwambia bwana huyu ni mwandishi. Alinionyesha bomba la maji.

Adélaïde aliponiona alifunika uso kwa kitenge. Aliniongoza kwa mkono kama kipofu. Herménégilde nilimpita. Nilipita kitanda chake nikaenda mpaka cha mwisho, ndipo nikarudi. Mtu niliyemfahamu alikuwa na mashavu. Mguu ulikuwa chini ya shuka, umeinuliwa, na harufu yake ilinifikia kabla yake. Si kitu cha kulelewa. Hakuna mtu duniani anayeweza kukilea kitu kama kile.

Joto lilikuwa limeshuka asubuhi ile. Alifungua macho, akanitazama uso, akatazama shati langu. Akaanza kucheka. Hakuwa na nguvu ya kucheka, lakini alicheka mpaka muuguzi akaja.

"Ndimu hukuzipata?" akauliza.

"Nilizipata."

"Zote?"

"Kila wiki."

"Ulizifanyia nini?"

"Tuliwatilia samaki."

Alifumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni, bado anacheka. "Rénovat. Za kunusa. Unakata moja unaiweka puani, gari linakwenda, tumbo linatulia. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniambia. Nikasema basi, sasa atakuja."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Bienfait anieleze.

"Ningemwambiaje? Kamwambie dereva mkuu wa Bugarama anuse ndimu?"

Nililishika lile shuka. Akaniambia ile sukari watu wa parokia ndio waliomletea, na yeye madaktari wamemkataza sukari kabisa, ndiyo iliyouharibu mguu. Ile sabuni ilikuwa ya kwake na Adélaïde ya mwezi mzima. Hawakuwa na kingine, na kikapu hakirudi kitupu.

Kisha akaniambia neno ambalo hawezi kumpa mtu mwingine.

"Wakiukata, wana shimo lao la kuchomea takataka. Sitaki. Mguu huu umetembea kutoka kwetu. Nataka ulale shambani kwangu, kwenye maharagwe. Adélaïde hataweza. Bienfait ni mtoto mwema lakini atasimulia. Wewe utasema uongo mwingi juu yake, na hakuna atakayeamini, na mguu utakuwa umefichika vizuri."

Nikasema ndiyo.

Daktari alikuja, mwanamke kijana, anazungumza polepole. Alisema kama wangekata mwezi uliopita vingekuwa vidole. Sasa ni chini ya goti. Hakuniambia mimi, alimwambia Herménégilde, lakini mimi ndiye niliyesikia. Herménégilde alinitazama upande, akasema kwa Kirundi, "Usianze." Akaweka kidole gumba chake kwenye karatasi, pale walipomwonyesha.

Wanakata kesho.

12 Novemba

Yupo hai. Aliamka akauliza kama mvua imenyesha Kabazana.

14 Novemba, Ijumaa

Wauguzi waliufunga vizuri, plastiki juu ya plastiki, kisha gamba la mgomba aliloleta Adélaïde mwenyewe. Nikauweka ndani ya igiseke, nikafunga kifuniko kwa kamba. Adélaïde alininunulia ndimu mbili. Aliziweka mfukoni mwangu bila kunitazama. Kumbe naye anajua.

Nilirudi mbele kwa Bienfait, kikapu mapajani, ndimu puani. Bienfait alikitazama kikapu, akaitazama ndimu, akaendesha polepole kuliko nilivyowahi kumwona mtu akiendesha. Kuhusu barabara sina la kulalamika sana.

Tulipofika Kabazana kulikuwa na wanawake wa jumuiya penye bomba, na Mama Sidonie katikati yao. Waliona jinsi kikapu kinavyonivuta bega. Kwa miezi yote kimerudi na vitu vya kushikwa kwa mkono mmoja, na leo kimerudi kizito, kimefungwa kamba. Wakatazamana. Kisha nikasikia kwa mgongo wangu: "Nyama ya Mbarara hiyo. Mwacheni. Atakula gizani peke yake."

Mwingine akasema labda ndiyo sababu alikwenda.

Nilijua wanachofikiri, kwa maana mimi ningefikiri hivyo hivyo, na ningeongeza. Mdomo ulikuwa umejaa majibu. Ningeweza kuwaambia ni kichwa cha simba niliyemuua Kakiika. Nilipita.

Gervais alikuwa shambani kwa Herménégilde, kama kila siku. Safari hii nilitembea mpaka kwenye ile minyaa nikaitazama kwa karibu. Mizizi yake imezeeka palepale ilipo. Haijasogea hata kidogo.

Niliweka kikapu chini. Sikujua nianze vipi, mimi. Gervais alikitazama kikapu, akaangalia urefu wake, akanusa hewa. Akavua kofia.

"Ni ya mukubwa wetu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Tusichimbe huku, maji inapita. Kuja fasi hii, kwa juu."

Alichimba yeye, mimi nikashika kikapu. Nilipotaka kupokea jembe alisema nipumzike, nimesafiri. Tuliulaza ukielekea kusini, kwetu. Gervais alisali kwa lugha yake, Kifuliiru nadhani, na mimi nikasali kwa yangu. Tulipomaliza alipanda maharagwe mawili juu. Akasema yamechelewa msimu lakini yataota tu, udongo ni mwema.

Kikapu nikakiosha mara nyingi. Jocelyne aliniuliza kilikuwa na nini safari hii. Nikamwambia. Alikaa chini palepale mlangoni. Kisha akaniletea chai ya sukari, ile sukari, ilikuwa imebaki kidogo.

21 Novemba

Jua. Herménégilde anakula.

28 Novemba

Bienfait anasema amekaa kitako, anabishana na wauguzi. Kikapu kimerudi na ndimu.

4 Desemba

Tumevuna maharagwe ya Herménégilde, mimi na Gervais na Jocelyne. Yametoka mazuri kuliko yangu. Gervais haachi hata ganda moja. Nilimuuliza kwa nini miezi yote nilipokuwa namtazama vibaya hakuniuliza sababu. Alisema alidhani ndivyo uso wangu ulivyo.

9 Desemba, Jumanne

Barua imekwisha. Nimeandika jioni moja, bila kufuta. Nainakili hapa.

"Ndugu yangu Herménégilde. Mguu ulifika salama. Gervais alichimba, kwa juu, maji hayafiki. Tuliuelekeza kwetu. Maharagwe aliyopanda hapo yameota, yana majani manne. Shamba lako limetoa vizuri, na haya yaliyo kikapuni ni yako, si ya jumuiya. Pole kwa maumivu. Pole kwamba ulinisubiri. Nilipaswa kuja ilipokuwa bado ni vidole. Alhamisi nitakuja mwenyewe na kikapu, tuzungumze juu ya gongo la kutembelea, kwa maana najua mtu wa Rugaaga anayechonga vizuri. Rafiki yako, Rénovat."

Kesho ni Jumatano. Barua itasomwa mbele ya jumuiya kabla ya kuingia kikapuni, Mama Sidonie ndiye atakayeisoma, kwa sauti yake ile inayofika barabarani. Bienfait amesema naye atakuja kusikiliza. Nimeisoma tena na tena. Ni barua nzuri, fupi, na ndani yake mgonjwa ni mmoja. Lakini ilikuwa imepungukiwa. Nimezunguka boma mara kadhaa. Jocelyne ameniuliza nimepoteza nini.

Nimerudi nikaongeza mstari chini ya jina langu, kwa herufi kubwa ili Mama Sidonie asiuruke:

"Jumuiya ijue pia kwamba mwaka ule, ndani ya lori, Herménégilde hakutapika. Alikuwa amenishikia kichwa. Mimi hutapika kwenye kila gari, hata likiwa limesimama, injini ikiwaka tu. Ndoo ni mimi."